Alichokwenda Kuuliza Ipole

Alhamisi, 12 Februari. Mtendeni, Tabora.

Mvua imeanza saa kumi na mbili asubuhi na imekatika sasa hivi, magharibi ikikaribia. Siku nzima nimeshona kola moja tu, nayo nimeifumua mara mbili. Siumwi. Ni kichwa ndicho kinachokwenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hakumbuki ni kitu gani.

Nianze na jambo lenyewe. Jumapili hii wazee wa Rajabu walipanga kuleta barua ya posa kwa baba mdogo, kule Gongoni. Walitaka, jibu likiwa zuri, nikahi ipite haraka, kabla mwezi haujaandama, ili Ramadhani itukute chini ya paa moja. Baba mdogo alinipa mpaka kesho, kabla ya sala ya Ijumaa, nimwambie kama aipokee au asiipokee.

Nimeshamwambia. Nimemwambia leo.

Lakini kabla sijaandika nilichomwambia, nataka nipange mambo yalivyofuatana. Wiki hizi mbili nimemshuku kila aliyenisogelea, na kwa mmoja wao nilikosea. Nisipoyapanga nitaanza kujidanganya.

Kwa wanaofika kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni Zuhura, fundi cherehani. Nina meza yangu kwenye baraza la duka la vitambaa Gongoni, na nina nyumba ya vyumba viwili hapa Mtendeni, niliyoijenga baada ya ndoa yangu kwisha. Mume wangu alikuwa Hamisi, mkulima wa tumbaku wa Ipole. Tuliishi miaka tisa, na sasa ni miaka minne tangu tuachane. Watu husema "Zuhura aliachwa". Sikuachwa. Nilikwenda kwa kadhi kwa miguu yangu, nikaidai talaka, nikarudisha mahari. Karatasi ninayo.

Rajabu ananunua asali vijijini na kuiuza mjini. Tumejuana mwaka mmoja na miezi miwili. Ni mpole. Ananawa mikono kabla ya kugusa kitambaa changu. Na hajawahi kuniuliza nilikuwa wapi, wala na nani. Hilo la mwisho nililipenda kuliko yote.

Sasa nije kwenye filamu, kwa sababu shaka yangu ilianzia huko.

Mwishoni mwa Januari kilikuja kikundi cha watu kutoka Dar kupiga filamu hapa mjini. Ni filamu ya bajeti ndogo kwelikweli. Kamera moja, shuka jeupe la kurudishia mwanga, na gari la kuazima linalosukumwa na watu wanne kabla ya kila kipande ambacho linatakiwa kuonekana jipya. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke aliyetoka kwenye ndoa, wanaume wawili wanamtaka, naye anataka kwanza ajue kama anaweza kuishi mwenyewe. Jina la filamu bado wanabishania.

Walinifuata niwashonee magauni matatu ya mhusika mkuu. Walikuwa na kitambaa cha gauni moja. Nikawashonea gauni moja na kola tatu za kubandika na kubandua, wakapata magauni matatu. Dairekta akafurahi, akaniongezea kazi ya pili: niandike kila siku nani kavaa nini kwenye kipande kipi, maana leo wanapiga mwisho wa hadithi, kesho wanarudi katikati, na mtu akitoka chumbani na hereni mbili akaingia sebuleni na moja, watazamaji watacheka. Kuandika tarehe na vitu kwangu si kazi, ni maradhi. Nikakubali.

Nilifurahia siku za mwanzo. Mhusika mkuu anaigizwa na dada mmoja wa Kizaramo, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na hakutupa nafasi ya kupumua. Siku walipompiga akitembea kwenye ile njia ya zamani ya misafara, mpiga picha, ambaye ni wa hapahapa, alilalamika kwamba kamera inamvunja bega.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka kwetu pwani," dada akamwambia. "Miezi mitatu kwa miguu. Wewe hatua ishirini unahema?"

"Walibeba, wakafika, ninyi mkawaibia."

"Tuliwapokea tukawalisha wali. Hizo pembe zilipotea zenyewe."

Nilicheka mpaka nikakosea kuandika rangi ya kanga.

Kisha wakapiga kipande cha mlango. Ni jioni, mwanamke anafungua mlango, anatoa viatu vya kiume, anavipanga nje, kimoja kimesogea mbele kidogo kama vile mwenyewe kavivua sasa hivi akaingia ndani. Kipande kinachofuata ni asubuhi: anavigeuza upande mwingine, mtu asije akagundua kwamba mwenye viatu hatoki wala haingii.

Kalamu ilinisimama.

Mimi ninavyo viatu hivyo. Nilivinunua mtumbani wiki niliyohamia nyumba hii, vyeusi, namba arobaini na tatu, na kila jioni naviweka mlangoni, na kila jioni nabadilisha mkao wake. Hapa kwenye shajara sijawahi kuviandika. Rajabu alipoviona mara ya kwanza alisimama akaviangalia muda mrefu, uso umembadilika, ndipo ikabidi nimweleze. Ni yeye tu niliyemweleza.

Siku mbili baadaye walipiga kipande kingine. Mwanamke anatoka kwa kadhi na karatasi yake, anapita kwa muuza samaki, ananunua sato mzima wa kukaanga, anakaa anamla peke yake mpaka anachokonoa kichwa. Nilifanya hivyohivyo, siku ileile ya karatasi. Miaka tisa nilikuwa nakula mkia, kwa sababu kichwa na kiwiliwili vilikuwa vya Hamisi na wageni wake. Hilo nalo nilimsimulia Rajabu, akacheka, akasema siku moja atanunua samaki wawili.

Usiku ule, kwenye daftari la mavazi, chini ya "kola ya duara, kanga ya njano", nikajikuta nimeandika: nani amewapa watu hawa maisha yangu?

Nilipoanza kumtazama Rajabu kwa jicho hilo, mengine yakajitokeza yenyewe. Tangu mwaka uanze ameenda Ipole mara tatu. Kwenda Ipole si ajabu, asali yake nyingi inatoka huko. Lakini huu ni wakati wa mvua. Mizinga iko juu ya miti, hakuna anayerina. Nilipomuuliza alisema anaweka oda mapema kabla wanunuzi wengine hawajafika. Inawezekana. Ila mfanyabiashara anayeweka oda huwa anarudi na hadithi: nani kaongeza mizinga, nani nyuki wamemhama. Rajabu alirudi mara zote tatu bila hadithi yoyote.

Na lingine, ambalo nilikuwa nimelihesabu kama zuri. Mwezi uliopita tuligombana kidogo. Alisema tukioana nitahamia kwake, na nyumba yangu tutaipangisha. Nikamuuliza, "Tutaipangisha sisi akina nani?" Akasema nakuza maneno. Nikanyamaza. Zamani nikinyamaza alikuwa akipiga simu mpaka nazima. Safari hii hakupiga. Aliniacha siku mbili kamili, siku ya tatu akaja na mihogo ya kuchemsha kwenye kanga, akakaa, hakuuliza kitu. Tukala. Siku hiyo niliandika hapa neno moja: "Ananisoma." Niliandika kwa furaha, wengine mkanitumia pongezi.

Sasa nikawa najiuliza amejifunzia wapi kusoma.

Ijumaa iliyopita nikatega mtego. Sijivunii, lakini niliutega vizuri.

Tulikuwa tunazungumza habari za wezi, maana wiki hiyo walikuwa wamevunja nyumba mbili mtaani. Nikamwambia Rajabu mimi wezi siwaogopi, kitu changu cha thamani ni ile karatasi ya talaka tu, nayo naificha ndani ya debe la unga wa mahindi, chini kabisa, kwenye mfuko wa nailoni. Ni uongo. Iko kwenye droo ya cherehani, katika bahasha ya kaki, na uzi mwekundu umeizunguka. Uongo ule sikumwambia mtu mwingine, na kwenye daftari langu nikaandika siku na saa. Hoja yangu ilikuwa rahisi. Kama Rajabu ndiye anayempelekea mwandishi wa filamu habari zangu, mwanamke wa kwenye filamu naye ataanza kuficha kitu kwenye unga. Kitu kama hicho mwandishi hawezi kukiacha.

Jumamosi hakuna unga. Jumapili hakuna. Jumatatu walipiga jikoni mchana kutwa, nikasimama karibu na debe kama askari, hakuna aliyelifungua.

Jumanne nikachoka kusubiri, nikamfuata mwandishi mwenyewe. Anaitwa Felista, mama wa makamo, Mmoraviani wa Sikonge. Wakati wa kazi hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini.

"Dada Felista, vile viatu vya mlangoni ulivitoa wapi?"

"Vya marehemu baba," akasema bila kuinua uso. "Vilikaa mlangoni kwangu miaka mitano baada ya mimi na mume wangu kutengana. Mpaka mchungaji akaniuliza mbona mgeni wangu haji kanisani." Akafuta neno, akaandika jingine, kisha akaniangalia. "Na wewe unavyo?"

Nikasema ninavyo.

"Namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mwanaume wa maana huyo. Wangu alikuwa wa thelathini na tisa tu. Ndiyo maana waliniibia kuku."

Nikamuuliza na samaki. Samaki alimtunga, akasema. Yeye siku yake alikunywa soda tatu mfululizo, lakini dairekta alisema soda haipendezi kwenye kamera. Kisha akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba anawajua wanawake saba hapa mjini wenye viatu vya mume asiyekuwepo, na mmoja wao huvipaka rangi kila Jumamosi.

Nilirudi barazani na aibu yangu. Mwaka mmoja na miezi miwili mwanaume hajaniuliza nilikuwa wapi, na mimi nimemtegea mtego kama panya. Nikaamua Ijumaa nimwambie baba mdogo aipokee barua. Niliamua kwa moyo mmoja. Nilitoa hata kile kitambaa cha rangi ya maziwa nilichokuwa nimekiweka tangu mwaka jana bila kusema ni cha nini, nikakikata.

Hiyo ilikuwa juzi.

Jana akaja Tatu.

Tatu ni dada yake Hamisi. Mimi na yeye hatukuachana. Bado ananiita wifi, bado analeta vitambaa vyake kutoka Ipole, na bado ananichokoza kama zamani. Alisimama mbele yangu nimpime, mikono juu.

"Wifi, futi yako imekuwa fupi au?"

"Futi ni ileile. Aliyeongezeka ni mwingine."

"Afadhali mimi naongezeka mwili. Wewe naambiwa unaongezeka mume." Akashusha sauti kidogo tu, ya kutosha watu wa dukani kusikia vizuri. "Lakini wifi, talaka unaiweka kwenye unga? Siku ukichota chini kabisa utampikia bwana harusi ugali wa talaka."

Akacheka mpaka kiuno kikatikisika ndani ya futi.

Mimi niliandika kwanza. Kiuno, inchi arobaini na moja. Ndipo nikamuuliza, "Nani kakwambia habari ya unga?"

"Nani tena, si kaka?"

"Na kaka yako kaambiwa na nani?"

Tatu ameishi na watu wengi kwenye nyumba moja, anajua swali likishageuka. Alishusha mikono, akaanza kunyoosha kitenge chake kwenye meza, mkunjo kwa mkunjo. "Wifi," akasema, "mimi nimekuja kushonewa."

Kwa hiyo mtego ulikuwa umenasa. Ila nilikuwa nimeuangalia mlango mmoja, na mnyama akapitia mwingine.

Usingizi wa jana sitauandika.

Leo nilimwita Rajabu. Alifika saa nne, suruali imelowa mpaka magotini, mfuko wa plastiki kichwani. Mvua ilikuwa kubwa, barazani hapakuwa na mteja, na mwenye duka aliingia ndani kukunja majora aliyokwisha kuyakunja. Rajabu akapangusa mikono kabla ya kukaa. Hata leo.

"Ipole ulikwenda kwa nani?"

"Si nilikwambia, kuhusu msimu..."

"Rajabu. Unga."

Akatazama mvua. Nilimwona akitafuta, kisha akaacha kutafuta. Namshukuru kwa hilo. Hakuniongezea uongo mwingine.

"Wazee wangu walitaka kuiona karatasi," akasema. "Baba ni mtu wa zamani. Alitaka ajue ni talaka kweli, na kwamba eda ilikwisha bila mtu kukurejea. Nikaenda kwa Hamisi kuuliza kama ana nakala. Jumapili akanipigia simu kusema haioni, ndiyo nikamwambia ya kwako umeificha kwenye unga, sijaiona."

"Karatasi ni yangu. Mimi niko hapa, hatua mia nne kutoka kwako."

"Ningekuomba ungedhani sikuamini."

"Kwa hiyo ukaenda kumwamini Hamisi."

Nikamwambia karatasi ni safari moja, aniambie hizo nyingine mbili zilikuwa za nini.

"Nilimuuliza kwa nini mliachana."

"Nilikwambia kwa nini. Nilikwambia siku ya kwanza."

"Uliniambia. Lakini Zuhura, mtu humjui kwa kumsikiliza mwenyewe peke yake. Hata mzinga nikitaka kuununua nauliza kwa jirani."

"Mzinga hauna mdomo."

Akatabasamu kidogo, akidhani tumefika kwenye utani. Nikamuuliza Hamisi alijibu nini. Alijibu kwamba mimi ni mkaidi lakini ni mtu mzuri. Walikaa pale wakala, wakanywa chai, Hamisi akamwita "mdogo wangu", na kwa kuwa hakuwa na kinyongo akamweleza namna ya kuishi na mimi. Asinikatize nikiwa nahesabu. Asiniamshe nikilala baada ya alasiri. Na nikinyamaza, aniache siku mbili, siku ya tatu aniletee mihogo.

Cherehani ilikuwa mbele yangu, nikaweka mikono yote miwili juu yake.

"Siyo hivyo," nikamwambia. "Nikinyamaza, Hamisi ndiye aliyekuwa akiondoka siku mbili. Alikuwa na pa kwenda. Mihogo alikuwa akinunua njiani wakati wa kurudi."

Uso wake ulibadilika. Nadhani alielewa, kwa sababu alifungua mdomo akaufunga. Lakini akaufungua tena.

"Hata hivyo ilisaidia," akasema taratibu. "Au haikusaidia?"

Ilisaidia. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, wala siwezi kujisamehe mwenyewe. Niliila ile mihogo. Niliandika "ananisoma", nikapokea pongezi, na kumbe kitabu alikuwa akisomewa na mtu niliyemrudishia mahari yake yote ili asinisome tena.

Nilimwambia aende, wazee watajulishwa. Akasimama, akavaa mfuko wake kichwani, akasema hakuwa na nia mbaya. Namwamini. Kama angekuwa na nia mbaya, leo ningekuwa nimelala mapema.

Baada ya adhuhuri nikaenda kwa baba mdogo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikakaa mkekani nikamwomba barua ya Jumapili asiipokee. Nikamweleza sababu, yote, kwa mpangilio. Alinisikiliza akizungusha tasbihi. Mama mdogo alikuwa uani, chini ya bati, anapepeta mchele.

"Sasa mwanangu, kosa lake liko wapi?" baba mdogo akasema. "Kafuata utaratibu. Mwanamke aliyekwisha kuolewa, unakwenda kwa aliyekuwa naye, unauliza kwa adabu, unaaga, unarudi. Ndivyo wanaume wanavyofanya siku zote, tena asiyefanya hivyo ndiye wa kuogopwa. Mimi mwenyewe nilipotaka kumwoa mama yako mdogo nilikwenda mpaka Urambo, kwa yule Saidi fundi baiskeli."

Uani ungo ukanyamaza.

"Ulikwenda wapi?"

Mama mdogo akatokea mlangoni. Mimi nikatazama mkeka.

"Mara moja tu," baba mdogo akasema. "Kiheshima."

"Miaka thelathini na moja sijasikia hilo neno. Ulikwenda kwa Saidi?"

"Lilikuwa jambo la wanaume, mama."

"Akakwambia nini?"

Baba mdogo alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Hakusema ubaya. Alisema ni mtu mwema. Alisema unapenda sana chai ya tangawizi."

Nilisikia mchele ukimwagika kidogo kidogo kutoka kwenye ungo, na hakuna aliyeuokota.

"Tangawizi," mama mdogo akasema.

"Ndiyo maana sijawahi kukosa kukununulia. Kila Jumamosi."

"Wewe unaleta tangawizi kila Jumamosi, nikajua unaipenda wewe. Naiponda kila alfajiri. Inanichoma koo mpaka machozi."

"Mimi?" Baba mdogo aliweka tasbihi chini. "Mimi inanipa kiungulia, mke wangu. Nakunywa kwa ajili yako."

"Aliyekuwa akiipenda ni Saidi."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nikaziba mdomo kwa mtandio, nikacheka mpaka nikalia, na sijui hasa ni wapi kicheko kiligeuka. Mama mdogo hakucheka. Aliketi kizingitini, ungo mapajani, akawa anaangalia miguu yake. Nadhani alikuwa anapitia miaka, mmoja mmoja, akitafuta ni kipi kingine alicholetewa ambacho kilikuwa cha Saidi.

Baba mdogo alijaribu mara ya mwisho. "Sasa wazee wenzangu nitawaambia nini Jumapili?"

"Waambie wakaulize Ipole," mama mdogo akasema, akainuka, akarudi uani.

Baba mdogo hakubisha tena. Alitoa simu, akampigia baba yake Rajabu mbele yangu, akasema kwa sauti yake ya msikitini kwamba binti amefikiri, ameomba barua isiletwe, hakuna ugomvi, na salamu nyingi nyumbani. Dakika moja na nusu. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama nimetoka kung'olewa jino: palipokuwa na maumivu sasa pana pengo, na ulimi haukai mbali napo.

Nampenda. Niliandike na hilo, nisije nikasoma ukurasa huu mwakani nikadhani lilikuwa jambo rahisi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, matope mpaka kwenye kifundo. Nimejaribu kumtumia Rajabu ujumbe. Nilitaka uwe hivi: kama bado kuna unachotaka kujua kuhusu mimi, njoo uniulize mimi, mchana, barazani, watu wakipita, nami nitajibu chochote, hata vile ambavyo hukuthubutu kumuuliza Hamisi. Nimeuandika mara tatu. Mara tatu nimeufuta.

Kwa sababu najua atakuja. Atapangusa mikono, atakaa kwenye benchi, ataniuliza kwa ile sauti yake ya chini swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanaume. Na mimi nitajuaje kama swali hilo ni lake?